Kuchagua laina ya bodi ya pikapu: anza na maji, halafu mzigo

Siku tuliyoitoa laina ya plastiki, lile gamba la kukinga bodi ya kubebea mzigo, kwenye Hilux yangu, fundi alishika upande wa kulia, mimi wa kushoto, tukainyanyua kama watu wanaohamisha kitanda. Harufu ndiyo iliyotangulia. Chini yake kulikuwa na tope jeusi la mchanga, magamba ya samaki na chumvi, nene kama kidole, limejaa kwenye mifereji yote ya bodi. Fundi akachukua bisibisi, akaisukuma taratibu kwenye kona ya mbele, karibu na kabini, nayo ikatokeza upande wa pili. "Kaka," akaniambia, "hii bodi imelala ndani ya maji miaka yote hii." Ukilitazama gari kwa nje lilikuwa linang'aa. Nililinunua likiwa na laina hiyo tayari, na kwa miaka mitatu niliyobeba samaki wa barafu kutoka Pangani nilikuwa na amani kabisa kwamba bodi inalindwa.

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kununua laina, na zaidi kwa yule aliyenunua pikapu ikiwa nayo na hajawahi kuifunua. Dukani watu huuliza, "Ipi ngumu?" Mimi sasa nauliza kwanza: maji yakipita chini yake, yanatokea wapi? Laina ikishindwa kujibu swali hilo, ugumu wake hausaidii kitu, maana bati la bodi ni jembamba, na kutu haihitaji nguvu ila muda na unyevu.

Hatua ya 1: Andika ulichobeba mwezi uliopita

Usiandike mzigo unaotamani kubeba. Kaa chini, kumbuka safari za mwezi mmoja, andika kila kitu kilichopanda nyuma. Mizigo huumiza bodi kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake.

Kuna mzigo unaogonga: mawe, tofali, nondo, mitungi ya gesi, injini iliyoshushwa. Huu unabonyeza bati na kupasua rangi. Kuna unaosugua: mchanga unaochotwa kwa chepe, kreti za soda, masanduku ya vifaa yanayocheza kila gari linapopita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani. Huu unakula rangi kidogo kidogo mpaka chuma kinabaki uchi. Na kuna mzigo unaokula chuma chenyewe: maji ya samaki, chumvi, mbolea za chumvichumvi kama urea na CAN, mkojo wa ng'ombe na mbuzi, maji ya betri. Mbolea ina ubaya wa ziada, kwamba huvuta unyevu hewani. Punje chache zilizomwagika kwenye kona hubaki na ubichibichi hata wiki ambayo mvua haijanyesha.

Wengi tunaogopa ule wa kwanza kwa sababu unapiga kelele. Jiwe likianguka unashtuka. Lakini bonde la jiwe fundi bodi analinyoosha kwa nyundo na kibao asubuhi moja. Ni huu wa tatu, usio na sauti, unaokupeleka kutafuta bodi nzima ya mtumba. Kwa hiyo kwenye orodha yako zungushia kalamu kila mzigo wenye majimaji au chumvi. Ikiwa zaidi ya nusu umezungushiwa, achana kabisa na wazo la kufunika bodi kwa kitu kinachoacha nafasi chini yake ambacho hutaweza kukitoa peke yako.

Hatua ya 2: Mwaga ndoo ya maji kabla hujafunika

Bodi mbovu ikifunikwa inaharibika haraka kuliko ikiachwa wazi, kwa sababu jua na upepo haviifikii tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Toa kila kitu, fagia, osha kwa sabuni na mashine ya presha. Kisha simamisha gari pahali tambarare, mwaga ndoo ya lita 20 taratibu ukianzia mbele, na uangalie.

Maji yanatakiwa yatoke kupitia matundu ya chini na mwanya wa mlango wa nyuma. Yakibaki madimbwi kwenye kona za mbele, kuna tundu lililozibwa na tope, au bodi imebonyea, au mtu aliwahi kupaka silikoni akidhani anaziba mahali panapovuja. Zibua kwa waya. Rudia jaribio gari likiwa limeinamia mbele kidogo, kwa sababu ndivyo magari mengi yanavyolala kwenye nyumba zetu zenye mteremko, na kona zile mbili nyuma ya kabini ndizo zinazooza kabla ya nyingine zote.

Halafu ingia chini na tochi. Angalia mahali bodi inapokaa kwenye chasisi, kuzunguka boliti zake, na nyuma ya matuta yanayofunika matairi. Penye mapele ya rangi gusa kwa ncha ya bisibisi. Kutu ya juujuu inakwaruzika na chini yake unaona chuma kinachong'aa. Kutu iliyozama inabonyea kama biskuti iliyoloa chai.

Kutu ya juu isugue kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma safi, upake praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza inayokinga chuma, kisha rangi ya juu. Tundu likatwe, lichomelewe kiraka cha bati jipya, pande zote mbili zipakwe praima. Usikubali fundi azibe tundu kwa puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde. Puti hunyonya unyevu, na ikishafunikwa na laina hutaiona tena mpaka siku inapodondoka.

Kama ndiyo kwanza unanunua gari, mwombe muuzaji laina itolewe kabla hujalipa. Ni kazi ya dakika chache kwa watu wawili. Akikataa, toa bei ya bodi kwenye hesabu yako au nenda ukatafute gari lingine.

Hatua ya 3: Zijue laina kwa tabia zake

Plastiki ya kutumbukiza

Hii ndiyo wengi wanaijua: gamba jeusi la polithilini lililofinyangwa kwa umbo la bodi ya gari fulani, unalitumbukiza, unalibana kwa skrubu au klipu chache. Uzuri wake ni wa kweli. Linafungwa siku hiyohiyo, linapokea kishindo cha jiwe na tofali vizuri, bei yake iko chini kuliko kupulizia, na ukiuza gari unaweza kulitoa ukaliuza peke yake. Weusi wake si urembo tu. Masizi yaliyochanganywa humo ndiyo yanayolinda plastiki isipasuke kwa jua.

Ubaya wake una sababu ya kifizikia. Polithilini hutanuka sana ikipata joto. Kipande cha mita moja na nusu, kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa saba mchana, tuseme tofauti ya nyuzi 40, hurefuka kwa milimita 6 hadi 12. Kwa hiyo gamba haliwezi kukazwa kabisa kwenye bodi. Fundi akilikaza, linavimba katikati na kupinda. Likiachwa na nafasi, linatikisika. Na likitikisika huku punje za mchanga zimeingia chini yake, limekuwa msasa. Linasugua rangi kila kilomita, kisha maji yanayopitia ukingoni yanakuta chuma uchi na hayapati njia ya kukauka. Hicho ndicho kilichotokea kwenye gari langu.

Ziko za aina mbili: inayopanda hadi kufunika ukingo wa juu wa bodi, na inayoishia chini ya ukingo. Ya kwanza inalinda ukingo usikwaruzwe na nondo na ngazi, na maji ya mvua hayaingii sana chini yake kwa sababu inayamwaga nje. Ya pili inafaa ukitaka kuweka kifuniko cha bodi au kanopi (paa la juu ya bodi), kwa kuwa ukingo unabaki wazi. Watu hununua ya kwanza, baada ya miezi sita wanataka kanopi, wanaishia kuikata kwa msumeno.

Jambo jingine ni utelezi. Dumu la maji lililowekwa mbele linafika mlango wa nyuma kwenye mlima wa kwanza. Na kwa anayebeba mbuzi au ndama, nasema kwa uchungu: usimpandishe mnyama kwenye plastiki tupu. Kwato hazina pa kushika, na ikishalowa mkojo hawezi kusimama. Nimeona mbuzi akishushwa mnadani amevunjika mguu kwa safari ya saa moja tu.

Ya kupulizia

Hapa hakuna gamba. Kimiminika cha poliyurethani au poliyurea kinapulizwa juu ya bati lililosuguliwa, kinashikana nalo, kinakuwa ngozi ngumu yenye vipele. Maji hayana chini ya kupita, na kwa sababu hiyo pekee naiheshimu kuliko nyingine zote. Line-X na Rhino Linings, kampuni mbili za Marekani, ndizo zilizofanya kazi hii ijulikane duniani.

Lakini chini ya jina hili moja kuna vitu viwili tofauti, na mteja hulipa cha kwanza akapewa cha pili. Poliyurea ya mitambo hupashwa moto na kusukumwa kwa presha kubwa sana, vimiminika viwili vinakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia na kuganda ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana inaweza kujengwa hadi milimita 2 au 3. Haiwezekani kuifanya kwa kompresa ya kawaida ya fundi rangi. Cha pili ni rangi ya kuchanganya, mfano Raptor ya kampuni ya U-POL ya Uingereza, inayouzwa kwa chupa nne na kigumishi chake, vipimo vitatu vya rangi kwa kimoja cha kigumishi. Hii fundi yeyote mwenye kompresa na bunduki yake anaweza kuipiga.

Fanya hesabu uone. Bodi ya dabo kabini (pikapu ya milango minne) ina sakafu ya takriban mita 1.5 kwa 1.5, yaani mita za mraba 2.25. Kuta tatu na mlango wa nyuma, zikiwa na kimo cha karibu nusu mita, zinaongeza kama 3. Jumla mita za mraba 5 na kidogo. Chupa nne zikichanganywa zinatoa lita 4. Lita 4 juu ya mita za mraba 5 ni unene wa milimita 0.8 ikiwa mbichi, na ikikauka inapungua. Kwa hiyo ukitajiwa "laina ya kupulizia" muulize fundi unene wa mwisho kwa milimita. Akikujibu kwa idadi ya koti tu, yaani matabaka aliyopiga, hajajibu.

Simaanishi ya chupa ni mbaya. Ni nzuri sana dhidi ya chumvi na maji. Ila haikingi bati lisibonyee. Jiwe likianguka, bati linabonyea na ngozi inabonyea nalo.

Uhai wa kazi hii wote umo kwenye maandalizi. Bodi ioshwe mafuta yote, isuguliwe kila inchi kwa msasa namba 180 hadi 240 mpaka mng'ao wa rangi ya zamani uishe, hadi ndani ya mifereji na nyuma ya ndoano za kufungia kamba. Ndoano na boliti zitolewe, zisifunikwe. Penye chuma uchi ipigwe praima. Matundu ya maji yazibwe kwa masking tepu wakati wa kupiga, yafunguliwe baadaye. Hili la matundu msimamie fundi mwenyewe, maana nimeona bodi iliyopigwa vizuri kuliko zote ikageuka beseni. Mahali ambapo hapakusuguliwa pataanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu, na maji yakishapata mlango mmoja umerudi kwenye shida ya plastiki, safari hii bila uwezo wa kuifunua.

Kuna na afya ya anayepiga. Vigumishi hivi vina isosayanati, kemikali inayoweza kuharibu mapafu na kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haimsaidii. Inayofaa ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya chumba. Ukipeleka gari ukakuta kijana anapiga ndani ya kibanda amejifunga fulana puani, mwambie aache. Na wewe na watoto msikae karibu kuangalia.

Mwisho wa aina hii ni jua. Nyingi za poliyurea na poliyurethani zinapauka, nyeusi inageuka kijivu chenye unga. Nguvu inabaki, sura inaondoka. Uliza kama kuna koti la juu lisilopauka, hasa gari likilala nje.

Ziko pia za kupaka kwa rola na brashi, unafanya nyumbani bila kompresa. Kanuni ya maandalizi ni ileile. Unene unategemea subira yako.

Mkeka wa mpira

Hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote, na watu wanakidharau. Ni karatasi nene ya mpira, milimita 6 hadi 10, inayokaa sakafuni tu bila kufungwa. Mpira unameza kishindo, unashika mzigo usiteleze, mnyama anasimama juu yake kwa amani, na unautoa peke yako kwa kuukunja kama mkeka wa msikitini. Kwa dabo kabini, wa milimita 8 una uzito wa kilo 20 na kitu. Ukikosa uliotengenezwa kwa gari lako, kipande cha mkanda wa konveya, ule unaosafirisha mizigo migodini au viwandani, kinafanya kazi hiyohiyo, na kwa sababu kina nyuzi ndani hakichaniki kirahisi. Kata kwa kisu kikali huku mwenzako anamwagia maji ya sabuni.

Chagua wenye vichuchu au mifereji upande wa chini, maji yapite. Ulio bapa pande zote unalala juu ya unyevu kama kitambaa kibichi. Haulindi kuta, hilo ulijue. Na mpira wa kawaida haupatani na dizeli na oili. Unavimba, unalainika, unaanza kuchafua kila kinachogusa.

Bati la cheka pleti

Kwa anayebeba mawe, vyuma na mashine kila siku, bati lenye vinundu bado lina nafasi yake. Ila hesabu uzito: chuma cha milimita 3 kina karibu kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo sakafu ya dabo kabini peke yake inakula kilo 55 hivi za mzigo wako, safari zote, hata gari likiwa tupu. La aluminiamu ni kama theluthi ya uzito huo, lakini aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, kimoja kinaliwa haraka. Pwani usiliweke bila kutenganisha kwa vipande vya mpira, na boliti ziwe na washa za plastiki.

Mafundi wengi watakwambia walichomelee. Kataa. Kila alama ya moto juu imeunguza rangi chini pia, mahali ambapo mkono haufiki kupaka tena. Lifungwe kwa boliti nne au sita, juu ya vipande vya mpira vilivyolazwa kufuata mifereji, ili ulifungue mara mbili kwa mwaka.

Zulia la bodi nitalipita haraka. Ni zuri kwa wanaolala nyuma ya gari safarini na wapiga picha wenye vifaa. Kwa samaki na saruji hapana. Mbao na plaiwudi vinashika maji, na mbao zilizotiwa dawa ya shaba zinaharakisha kutu ya bati zinalogusa.

Kuhusu petroli na laina za plastiki

Soma kipande hiki hata kama vingine umeviruka. Mwaka 1998 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, ilitoa onyo kuhusu moto uliowaka watu wakijaza petroli kwenye madumu yaliyokuwa ndani ya pikapu zenye laina za plastiki. Mafuta yakitiririka kwenye dumu huzalisha umeme tuli. Dumu likiwa ardhini, umeme huo unapata njia ya kutoka. Likiwa juu ya plastiki hauna pa kwenda, unajikusanya, na mkono wa pampu ukikaribia mdomo wa dumu cheche moja inatosha, kwa kuwa mvuke wa petroli uko hapohapo. Dumu la chuma nalo halina nafuu, kwa sababu plastiki iliyo chini yake inalitenga na ardhi. Zulia la bodi lina hatari hiyohiyo.

Sisi tunaobeba mafuta ya boti, jenereta na pampu za umwagiliaji tunafanya hivi kila wiki kwa sababu kushusha dumu ni kazi. Lishushe. Liweke sakafuni kituoni, mkono wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote, jaza taratibu, funga, ndipo upandishe. Kijana wa pampu akikuharakisha mwambie asubiri.

Hatua ya 4: Oanisha, halafu pima

Nitasema mawazo yangu wazi. Kwa samaki, chumvi, mbolea na mifugo: ya kupulizia, hata hii ya chupa, ikipigwa na fundi anayesugua kweli, na juu yake mkeka wa mpira usiofungwa. Kwa vifaa vya ujenzi vya kila siku: poliyurea ya mitambo ukiimudu, au bati la boliti juu ya bodi iliyopakwa vizuri. Kwa mizigo mikavu ya dukani, maboksi na viroba: plastiki ya kutumbukiza haina shida, mradi uitoe na kuosha chini yake. Kwa gari la familia linalobeba mzigo mara mbili kwa mwezi, mkeka wa mpira peke yake unatosha, fedha iliyobaki weka kwenye matairi.

Ukiamua plastiki, usinunue kwa jina la gari tu. Bodi ya Hilux Vigo si bodi ya Revo iliyokuja 2015, na singo kabini, ya milango miwili, ina sakafu ya zaidi ya mita 2.3 wakati dabo ina kama 1.5. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na vipimo vyako kwenye karatasi: urefu wa sakafu kutoka ukuta wa kabini hadi mlango ukiwa umefungwa, upana wa ukuta kwa ukuta, upana kati ya matuta ya matairi, kimo cha ukuta, na nafasi ya kila ndoano ya kufungia kamba. Hizi ndoano ndizo zinazosahauliwa. Laina isiyo na matundu ya ndoano inakunyima pa kufunga turubai, au inamlazimisha fundi aitoboe kwa kubahatisha. Hakikisha kipande cha mlango wa nyuma kimo. Kisha omba uijaribu kwenye gari kabla ya skrubu yoyote: ikandamize kwa mkono kwenye kona nne. Ikicheza kama mlango mbovu, haikufai, hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Hatua ya 5: Simamia ufungaji

Kila tundu jipya kwenye bati ni mlango wa kutu. Chagua laina inayobanwa kwa klipu kwenye ukingo ukiweza. Fundi akilazimika kutoboa, toboeni ukutani juu, kamwe si sakafuni, na kila tundu lipakwe praima kwa brashi ndogo kisha rangi, likauke, ndipo skrubu iingie na washa yake ya mpira. Chembe za chuma zilizotoka kwenye drili zifagiliwe na kufutwa zote. Zikibaki chini ya laina, kila moja inaota kutu kesho yake.

Mahali plastiki inapogusa kona za bodi, laza vipande vyembamba vya tyubu ya tairi vikielekea nyuma sambamba na mifereji, ili vizuie kusugua bila kuziba maji. Usitumie sponji wala vipande vya blanketi.

Kwa ya kupulizia, gari lisifanye kazi siku hiyo hata kama inaonekana imekauka. Ile ya chupa inagusika baada ya saa chache, lakini subiri siku mbili tatu kabla ya mzigo mwepesi, na wiki nzima kabla ya tofali. Poliyurea ya mitambo ina haraka zaidi, mfuate mpigaji wake. Kabla hujalipa, rudia ndoo ya lita 20. Kisha bana masking tepu kwenye kona tatu usizozitarajia, ivute kwa nguvu. Ikitoka na ngozi, asugue upya.

Utunzaji

Siku ya samaki, osha siku hiyohiyo kwa maji baridi kabla damu na chumvi hazijakauka. Plastiki itoe kila mwezi ukibeba vyenye majimaji, kila miezi mitatu kwa mizigo mikavu. Mkeka utoe kila wiki. Mchubuko kwenye laina ya kupulizia uzibe mapema kwa chupa moja ndogo na brashi. Usiupake oili chafu ya injini kama wengine wanavyofanya, inalegeza mshiko wa kiraka utakachotaka kuweka baadaye.

Yangu sasa ina kiraka cha bati kwenye kona ile ya mbele, koti za kupulizia, na mkeka wa konveya juu. Jumamosi jioni nauvuta mkeka, nausimamisha ukutani kwenye kivuli, nafungua mlango wa nyuma, napiga maji kuanzia nyuma ya kabini, kisha naingiza waya kwenye matundu mawili ya kona na kusubiri hadi nione maji yakidondoka chini ya gari, kulia na kushoto. Mkeka haurudi ndani mpaka Jumapili asubuhi.